Umeme wa Jua Nyumbani: Hesabu Itangulie Mtambo

Kila msimu wa malipo ya mazao unapowadia, wanachama wengi wa vyama vya msingi hushuka mjini wakiwa na orodha ya mahitaji ya nyumbani, na siku hizi mtambo wa umeme wa jua hauko mbali na kichwa cha orodha hiyo. Hamu hiyo ina haki yake. Nyumba inayotegemea kibatari hununua mafuta ya taa wiki hadi wiki bila kikomo, watoto husoma katika moshi, na simu hupelekwa dukani kuchajiwa kwa malipo. Hata hivyo, si jambo geni vijijini kuona paneli inang'aa juu ya bati huku ndani ya nyumba hiyo kibatari kimerudi mezani. Mara nyingi paneli hiyo haina ubovu wowote. Kilichokufa ni betri, na kifo chake kiliandaliwa siku ile ile iliponunuliwa, kwa kuwa hakuna aliyepiga hesabu.

Jambo hili halimhusu mwenye nyumba peke yake. Mitambo mingi hununuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo, au kwa fedha ambazo zingenunua pembejeo za msimu ujao. Taa zikizimika baada ya miezi kumi na deni likaendelea kwa miaka miwili, mwanachama hulipa kwa uchungu au huacha kulipa, na hasara hugeuka kuwa ya wote. Ndiyo maana katibu wa chama anapaswa kuifahamu hesabu hii kama anavyoifahamu mizani ya kupokelea mazao.

FUNDISHO LA MERU NA KARAGWE

Umeme wa jua si mgeni kwa wakulima wa Afrika Mashariki. Mwaka 1984, Mmarekani Harold Burris alifunga mtambo katika Shule ya Sekondari ya Karamugi, wilayani Meru, Kenya, ambako Mark Hankins alikuwa mwalimu wa kujitolea. Shule hiyo ilikuwa ikifikiria kununua jenereta ya dizeli. Mafundi walifunzwa papo hapo kazini, na haukupita muda mrefu kabla ya walimu na wakulima wa kahawa na chai wa sehemu zile kuanza kununua mitambo kwa fedha zao wenyewe, bila kungoja ruzuku ya mtu. Katika miaka ya 1990 elimu hiyo ilifika Karagwe, katika Mkoa wa Kagera, ambako KARADEA iliendesha mafunzo ya mafundi wa umeme wa jua.

Lakini biashara ilipopanuka, udanganyifu nao ulipanuka. Mwaka 1999 watafiti walizipima paneli ndogo zilizokuwa zikiuzwa kwa wingi nchini Kenya, wakakuta kwamba baadhi ya aina zilitoa umeme kama zilivyotangazwa, na nyingine zilitoa pungufu sana. Mnunuzi hakuwa na njia ya kuzitofautisha kwa macho. Jambo hilo halijabadilika hata leo: wati zilizoandikwa nyuma ya paneli ni neno la mwenye kiwanda, nalo lina thamani sawa na uaminifu wake. Kwa hiyo alama ya ubora ya Shirika la Viwango na risiti ya duka linalojulikana si mambo ya kupuuzwa.

WATI MIA SI WATI MIA

Paneli imeundwa kwa vipande vyembamba vya silikoni, na kila kipande hutoa takriban nusu volti tu kikipigwa na mwanga. Paneli ya kuchajia betri ya volti 12 kwa kawaida huwa na vipande 36 vilivyoungwa kwa mfuatano. Wati zake hupimwa kiwandani chini ya mwanga mkali wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, vipande vikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati, saa sita mchana, joto la vipande hivyo hupanda hadi nyuzi 50 au 60. Kwa kila nyuzi moja inayozidi 25, paneli hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu yake. Basi paneli ya wati 100 katika jua kali la kiangazi yaweza kutoa wati 87 au 88, nayo ni mpya na haina vumbi. Kinachozaa umeme ni mwanga. Joto ni adui. Kwa sababu hiyo paneli haifai kulazwa moja kwa moja juu ya bati, bali huinuliwa kidogo ili hewa ipite chini yake.

Upo mtego mwingine ambao umewanasa wengi. Madukani huuzwa paneli kubwa za wati 250 au zaidi, zenye vipande 60 au 72, kwa bei ambayo kwa kila wati ni nafuu kuliko ya paneli ndogo. Paneli hizo zina volti 30 na zaidi. Zikiunganishwa na betri moja ya volti 12 kwa kidhibiti chaji cha kawaida, volti zote zinazozidi hupotea bure, na ile ya wati 250 yenye vipande 60 haitoi zaidi ya wati 110 hivi. Ili nguvu yake yote itumike hakuna budi kununua kidhibiti cha aina ya MPPT, ambacho bei yake ni kubwa zaidi. Mwenye duka huenda asiseme. Swali liulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

HESABU YA NYUMBA

Wanunuzi wengi huanza na swali la bei ya paneli. Swali la kwanza lingekuwa hili: ni vyombo gani vitawashwa, na kwa saa ngapi kila siku? Wati za chombo zikizidishwa kwa saa za kuwaka hupatikana wati-saa, nazo ndizo kipimo cha chakula cha nyumba hiyo. Tuseme nyumba ya mwanachama ina vyombo hivi:

Taa 5 za LED, kila moja wati 5, kwa saa 5: wati-saa 125.
Redio moja ya wati 10, kwa saa 6: wati-saa 60.
Simu 3, kila moja ikila wati-saa 15: wati-saa 45.
Televisheni ndogo ya wati 25, kwa saa 4: wati-saa 100.
Jumla kwa siku: wati-saa 330.

Si umeme wote unaotoka kwenye paneli hufika kwenye taa. Sehemu moja hupotea kwa joto na vumbi, nyingine katika waya, nyingine betri inapochajiwa na kutoa. Kwa kadirio la tahadhari, robo huhesabiwa kuwa imepotea. Hivyo 330 hugawanywa kwa 0.75, na paneli inatakiwa kuzalisha wati-saa 440 kwa siku.

Hapa watu wengi hukosea. Jua huonekana kwa saa kumi na mbili, nao huzidisha wati za paneli kwa kumi na mbili. Jua la asubuhi na la jioni ni dhaifu. Likikusanywa pamoja na la mchana, siku nzima katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hulingana na saa 4 hadi 6 tu za jua kamili. Mwenye busara huchukua hesabu ya miezi ya mawingu, si ya kiangazi, kwa kuwa taa huhitajika zaidi mvua inaponyesha. Wati-saa 440 zikigawanywa kwa saa 4 hutoa wati 110. Nyumba hii inahitaji paneli ya wati 120, na yule anayemwambia mwenyewe kwamba wati 50 zinatosha anauza alichonacho dukani.

Hesabu hiyo hiyo hufichua mambo mengine. Pasi ya umeme ya wati 1,000 ikitumika nusu saa hula wati-saa 500, yaani zaidi ya kile ambacho nyumba nzima ya mfano wetu inakula kwa siku. Birika la umeme, hita na jiko la umeme ni ndugu wa pasi hiyo. Katika mtambo wa kadiri hii vyombo vya kuzalisha joto havina nafasi, na pasi ya mkaa iendelee na kazi yake. Friji ndogo ya kawaida nayo yaweza kula wati-saa 500 hadi 1,000 kwa siku; anayeitaka kwa ajili ya vinywaji vya duka afahamu kwamba atajenga mtambo mkubwa mara mbili au tatu zaidi, na aihesabu kama mtaji wa biashara.

BETRI NDIYO GHALA

Paneli iliyo njema huweza kudumu miaka 25, nguvu yake ikipungua kwa takriban nusu asilimia tu kila mwaka. Betri ya risasi na asidi, ikitunzwa vizuri, hudumu miaka mitatu hadi mitano. Maana yake ni kwamba katika maisha ya paneli moja, mwenye nyumba atanunua betri tano, sita au hata zaidi. Gharama halisi ya umeme wa jua imo katika betri, wala si katika paneli inayoonekana na majirani.

Betri ya risasi haipendi kumalizwa. Ikitumiwa hadi nusu ya uwezo wake kisha ikajazwa, hudumu. Ikikaushwa kila usiku, huchakaa upesi. Ikiachwa siku nyingi bila chaji, chumvi ngumu hujengeka juu ya mabamba yake ya risasi, na chumvi hiyo haiondoki tena hata ikichajiwa wiki nzima. Kwa hiyo betri hupimwa kwa ukubwa unaoacha akiba. Nyumba ya mfano wetu inakula wati-saa 330. Kwa siku mbili za mawingu ni 660. Na kwa kuwa nusu tu ya betri ndiyo itumike, inahitajika betri ya wati-saa 1,320. Zikigawanywa kwa volti 12 hupatikana ampea-saa 110.

Mwenye kuweka betri ya ampea-saa 40 mahali pa ile ya 110 hajaokoa kitu. Ataifuta kila usiku, na kabla ya msimu wa pili wa mavuno atarudi dukani.

Kosa linalofanana na hilo ni kufunga betri ya gari. Betri hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili kuwasha injini, kisha kurudishiwa chaji mara moja. Mabamba yake ni membamba. Kuipa kazi ya kuwasha taa usiku kucha ni kama kumfunga ng'ombe wa maziwa kwenye jembe: atalivuta siku chache, kisha mwenyewe akose jembe na maziwa. Kuna betri zilizoundwa kwa kazi ya sola, zenye mabamba manene, na fundi mwaminifu huzitaja bila kuulizwa. Vilevile betri kuukuu isiunganishwe na mpya kwa nia ya kuongeza nguvu, kwa sababu ile kuukuu huishusha mpya hadi kiwango chake.

Siku hizi zimeingia betri za lithiamu zenye chuma na fosfati. Hizi huweza kutumiwa hadi asilimia 80 ya uwezo wake, ni nyepesi, na zilizo njema hustahimili kujazwa na kutumiwa mara 2,000 na zaidi. Kwa nyumba ya mfano wetu ingetosha ya ampea-saa 65 hivi. Bei yake ya kuanzia ni kubwa, na kidhibiti chaji sharti kiwe kimepangwa kwa betri ya namna hiyo. Kwa mwanachama mwenye fedha taslimu baada ya mauzo huenda ikawa nafuu kwa hesabu ya miaka mingi. Kwa anayekopa, linganisho lifanywe kwa kalamu na karatasi.

Njia rahisi ya kuijua hali ya betri ya risasi ni kuipima asubuhi kabla ya jua kuichaji, vyombo vyote vikiwa vimezimwa kwa muda. Mita ikionyesha volti 12.7, imejaa, 12.2, imefika kama nusu. Ikishuka hadi 11.8 au chini yake, imekauka na inaumia. Mita ya namna hiyo si ghali, na chama cha msingi chaweza kuwa nayo moja kwa matumizi ya wanachama wote.

Betri zenye vifuniko vya kufungua huongezwa maji yaliyotoneshwa, si maji ya kisima wala ya mvua, na kamwe si asidi. Neno "maji ya betri" hutumika dukani kwa vitu vyote viwili, kwa hiyo chupa isomwe kwanza. Betri inapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Haifai kuwekwa chini ya kitanda, wala kukaribiwa na sigara au kibatari. Ikae mahali penye hewa, juu ya ubao, mbali na watoto.

KIDHIBITI, WAYA NA FYUZI

Kidhibiti chaji, ambacho mafundi wengi hukiita kontrola, huzuia betri isijazwe kupita kiasi mchana wala kukaushwa usiku. Kinapozima taa saa nne usiku, kinaiokoa betri. Wapo watu ambao kwa hasira huunganisha taa moja kwa moja na betri ili zisizimwe tena, na hao ndio wateja wazuri kabisa wa wauza betri. Wakati wa kufunga, betri huunganishwa na kidhibiti kwanza, kisha paneli; wakati wa kufungua, paneli hutangulia kutolewa.

Waya mwembamba hula umeme wa volti 12 kimyakimya. Chukua vyombo vya wati 60 vilivyo umbali wa mita 10 kutoka kwenye betri: kwa waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, zaidi ya volti moja hupotea njiani. Kwa waya wa milimita 4 hupotea pungufu ya nusu volti. Volti moja katika kumi na mbili si ndogo. Na karibu kabisa na ncha ya betri iwekwe fyuzi, kwa kuwa nyaya za betri zikigusana hutiririsha mamia ya ampea, na nyumba yaweza kuungua kabla ya mtu kupata koleo.

Inveta, yaani chombo cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230, si lazima kwa kila nyumba. Zipo taa, redio na televisheni za volti 12 zinazotumia umeme wa betri moja kwa moja. Inveta yenyewe hula umeme hata pasipo chombo kilichowashwa, hivyo huzimwa isipotumika.

MAHALI PA PANELI

Tanzania yote iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo paneli hutazamishwa kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15. Mwinamo huo huifanya mvua isafishe vumbi. Kivuli kichunguzwe asubuhi, mchana na jioni: tawi moja la mwembe likifunika vipande vichache, nguvu ya paneli nzima huanguka, kwa kuwa vipande vimeungwa kama mnyororo. Fremu ikazwe kwa boliti ambazo mwizi hatazifungua kwa spana ya kawaida.

MKOPO NA MKATABA

Kabla ya kamati kupitisha mkopo, katibu na atake karatasi mbili: hesabu ya matumizi ya nyumba, na hati ya bei inayotaja kila kifaa pamoja na wati, volti na ampea-saa zake. Hati inayosema "mtambo kamili wa sola" bila tarakimu irudishwe. Fundi aonyeshe leseni yake. Tanzania Bara, leseni za ufungaji wa umeme hutolewa na EWURA. Sehemu ya malipo yake ibakizwe hadi mtambo utakapokuwa umefanya kazi kwa majuma kadhaa. Muda wa mkopo kwa upande wa betri usizidi maisha ya betri yenyewe.

Vifaa vinavyolipiwa kidogo kidogo kwa simu vimewasaidia wengi, lakini malipo ya kila siku yazidishwe kwa siku zote za mkataba, jumla ilinganishwe na bei ya taslimu, na ijulikane kifaa kitafungwa baada ya siku ngapi za kutolipa. Mkulima hupata fedha kwa msimu, na mkataba wa kila siku haujui msimu. Aidha, ofisi ya TANESCO iulizwe kama nguzo zimo katika mpango wa kitongoji, kwa kuwa umeme kufika kijijini si sawa na kufika kila kitongoji. Nyumba itakayofikiwa karibuni yaweza kutosheka na taa chache ndogo kwa sasa.

Chama kikiagiza kwa pamoja chaweza kupata bei nafuu, dhamana moja na fundi mmoja wa kuzungukia wanachama mara mbili kwa mwaka. Ila kisiagize ukubwa mmoja kwa nyumba zote, kwani nyumba ya watu wawili na ile yenye duka hazili sawa.

Jambo lenye manufaa zaidi huenda ni dogo kuliko yote. Mwanachama akifungua akaunti ya betri katika chama chake cha akiba, na kila mwezi akaweka sehemu moja ya thelathini na sita ya bei ya betri, mwaka wa tatu ukiisha atakuwa na fedha za betri mpya bila kukopa tena. Mkulima wa zao la msimu aweza kuweka theluthi moja ya bei hiyo kila baada ya mauzo.

Betri iliyokufa isipasuliwe uani wala asidi yake kumwagwa shambani. Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto mdogo. Irudishwe dukani, na bei yake ya chakavu ipunguzwe katika bei ya mpya. Makubaliano hayo yaandikwe katika mkataba tangu siku ya kwanza.